Daftari la Anko: Sinema ya Kenya ya 2018, Ikitazamwa Kutoka Mbooni

Anko wangu ana daftari la shule, lile la kurasa 96, na ndani yake kuna historia ya sinema ambayo hutaipata kwenye gazeti lolote. Kuanzia 2009 mpaka 2019 alikuwa na chumba cha vidio pale Kikima, juu kabisa Mbooni, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kila usiku kabla hajafunga mlango aliandika vitu vitatu: jina la picha, watu waliolipa, pesa iliyoingia. Watoto waliopenya chini ya mkono wake bila kulipa aliwaandika pia, kwa vijistari pembeni, kama mwalimu wa zamu anayehesabu waliochelewa.

Majina ya picha ni yake mwenyewe. "Kamando" ni Commando ya Schwarzenegger. "Osuofia" ni picha yoyote ya Nigeria yenye vichekesho, hata kama Osuofia mwenyewe hayumo. "Wakanda ya dijei" ni Black Panther iliyosimuliwa kwa Kiswahili na Sheng na mmoja wa wale waliofuata nyayo za DJ Afro, wanaoongea juu ya sauti ya picha mpaka mwigizaji wa Hollywood anaanza kufanana na mtu wa Kariobangi. Na mara moja moja, ukifungua kwa subira, unakutana na ya Kenya. "Mwas", 2013, siku tatu mfululizo, chumba kimejaa. Hiyo ni Nairobi Half Life.

Mimi huandika kuhusu filamu. Hainilipi kodi ya nyumba, lakini naandika. Na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikirudia ile kauli ambayo kila mtu wa fani hii huishikilia akiishiwa na hoja: Wakenya hawapendi filamu zao. Daftari la anko ndilo lililoninyamazisha, na mwaka wenyewe ni 2018.

Mnajua jinsi mwaka huo unavyosimuliwa huku Nairobi. Februari, Supa Modo ya Likarion Wainaina inaonyeshwa Berlin, kitengo cha watoto na vijana, na jopo la watoto linaitaja kwa heshima. Mwezi huohuo Black Panther inazinduliwa Kisumu, gavana ambaye pia ni babake Lupita akiwa mgeni wa heshima, na kwa wiki nzima Wajaluo hawashikiki. Machi, Watu Wote, filamu fupi ya wanafunzi wa Ujerumani kuhusu abiria wa basi la Mandera, inafika jukwaa la Oscars na kurudi bila sanamu. Mei, Rafiki ya Wanuri Kahiu inakuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi Cannes, wakati nyumbani tayari imepigwa marufuku tangu Aprili. Katikati ya hayo Tosh Gitonga, yuleyule wa Nairobi Half Life, anatoa Disconnect, vichekesho vya mapenzi kuhusu marafiki wenye magari na matatizo ya watu wenye magari. Nilicheka, sikatai. Ila nikitoka nilikuwa nimeshasahau nani ameachana na nani.

Halafu Septemba ikaja. Tarehe 21 Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku ya Rafiki kwa siku saba, kwa watu wazima tu, ili filamu iweze kufikiriwa kuwakilisha Kenya kwenye Oscars. Kama ulikuwa Nairobi wiki hiyo unakumbuka. Nilipanga foleni Prestige na watu ambao sijawahi kuwaona wakipangia filamu ya Kenya foleni: wasichana wa chuo, wanaume wawili waliovaa suti za ofisi wasiotazamana, mama mmoja wa makamo ambaye alikuwa peke yake na hakuondoa miwani ya jua hata tulipoingia. Tiketi ziliisha. Wakaongeza muda wa maonyesho, zikaisha tena.

Filamu yenyewe? Ni tamu, na utamu wake ni wa rangi. Kena na Ziki wanapendana katika mtaa wenye rangi za waridi, zambarau na njano, mtaa ambao umepakwa na mtu anayeupenda. Baba zao wanagombea kiti kimoja cha uwakilishi, na hapo ndipo hadithi inapolegea, maana siasa ile imechorwa kwa haraka kama bango la kampeni. Mhusika aliyenikaa ni Mama Atim, mwenye kibanda, yule ambaye macho yake hufika kabla ya salamu. Mtu kama yeye nimekua naye. Mama Atim ukimtoa mtaani ukamweka Kikima sokoni siku ya soko, kabla ya saa nne atakuwa anajua nani alilala wapi. Wanuri alieleza kwamba bodi ilitaka mwisho wa filamu ubadilishwe kwa sababu ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Nimeutazama mwisho huo mara mbili. Ni mkono mmoja kwenye bega moja. Matumaini hayo yangetosha kwenye kijiko cha chai.

Magazeti yaliripoti kwamba katika siku zile saba Rafiki iliingiza kama dola 33,000, yaani zaidi ya shilingi milioni tatu, na kuwa miongoni mwa filamu za Kenya zilizowahi kuuza zaidi. Tulishangilia. Nilishangilia pia, niliandika makala ya kushangilia. Kisha siku moja nimekaa kwenye matatu Jogoo Road, hakuendeki, nikafanya hesabu kwa simu. Chukua milioni tatu na kitu, gawa kwa tiketi ya shilingi 500. Unapata watu wasiofika 7,000. Hawajazi robo ya uwanja wa Nyayo. Hiyo ndiyo filamu ya Kenya iliyouza kuliko karibu zote, katika nchi ambayo sensa ya mwaka uliofuata ilihesabu watu milioni 47.6.

Nililinganisha na Uhispania, na sababu yake ni ya kipuuzi kidogo. Nilikuwa napitia orodha ya filamu 87 zilizopelekwa Oscars mwaka ule kwenye tuzo ya filamu ya lugha ya kigeni. Kenya iliishia kupeleka Supa Modo, Rafiki ikaachwa. Uhispania walipeleka Campeones ya Javier Fesser. Nikasoma inahusu nini: kocha wa mpira wa vikapu anahukumiwa kuifundisha timu ya watu wenye ulemavu wa akili, na timu inaishia kumfundisha yeye. Nikasema, hee, hawa ni ndugu. Yetu inahusu mtoto anayekufa ambaye kijiji kinamfanya shujaa, yao inahusu watu waliodharauliwa ambao wanakuwa mabingwa. Zote mbili zinatembea kwenye ukingo wa kukuliza kwa nguvu. Zote mbili zilirudi mikono mitupu, tuzo ikaenda kwa Roma ya Meksiko.

Undugu unaishia kwenye dirisha la tiketi. Campeones ilitazamwa kumbini na zaidi ya watu milioni tatu na kuingiza kama euro milioni 19. Kwa jumla filamu za Uhispania ziliingiza zaidi ya euro milioni 100 mwaka huo nyumbani kwao. Hata wao walikuwa na shujaa wao wa kuruka angani, Superlópez, mwenye masharubu. Na nchi ile mwaka 2018 ilikuwa na watu milioni 46 na ushei. Tunalingana nao kwa watu, jamani. Mtu anaweza kusema wao ni matajiri, na ni kweli, tena wana maelfu ya skrini. Lakini kilichonikereketa zaidi ya pesa ni kwamba nilizipata takwimu zao nikiwa kitandani, kwa bando la shilingi 20. Taasisi yao ya sinema huchapisha filamu kwa filamu: wangapi walitazama, zimeingia ngapi. Ya kwetu niliyoipata ilikuwa sentensi moja ya gazeti kuhusu Rafiki.

Na daftari la anko.

Supa Modo niliiona mara ya kwanza Nairobi, ukumbi wa juu kwenye jumba moja la maduka, jioni ya katikati ya wiki. Tulikuwa kumi na mmoja, nikiwemo. Nilihesabu kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu na kwa sababu haikuchukua muda. Dakika 74. Jo ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, anapenda mashujaa wa sinema kuliko dawa. Mama yake anamtoa hospitalini amlete nyumbani kijijini Maweni amalizie siku zake. Dadake, Mwix, anamfanya aamini ana nguvu za ajabu, na kidogokidogo kijiji kizima kinaingia kwenye uongo huo, mpaka wanaamua kutengeneza filamu ambayo shujaa wake ni Jo. Anayewaongoza ni Mike, na Mike kazi yake ni nini? Kuonyesha watu picha pale kijijini. Nilipomwona nilicheka peke yangu gizani, kwa sababu hata kofia ilikuwa kama ya anko.

Nikaandika uhakiki. Nilisifu Stycie Waweru anayeigiza Jo, na ningemsifu tena leo, maana haigizi ugonjwa, anaigiza mtoto ambaye ana shughuli nyingi. Nilisema kijiji kimekubaliana kupita kiasi, hakuna hata mtu mmoja anayeuliza atalipwa nini, na kijiji cha hivyo sijawahi kukiona kati ya Mombasa na Busia. Halafu nikaandika jambo ambalo nalijutia. Nilisema mama yake Jo, Kathryn, ni kikwazo tu, amewekwa apinge uongo wa Mwix ili hadithi ipate mgogoro. Mwanamke mkavu, niliandika. Watu waliipenda makala ile.

Desemba nikapanda kwenda nyumbani, kama watu wote. Ukitoka Machakos ukaacha lami nzuri nyuma, barabara inaanza kuzunguka, masikio yanaziba, baridi inaingia kwenye dirisha lisilofunga, na mashamba ya matuta yanaanza kupangana kama ngazi, mikahawa hapa, miparachichi pale. Wanahistoria huitaja milima hii kuwa mahali Wakamba walipotua kisha wakasambaa kwenda Kitui na kwingineko. Kwa hiyo ni kitovu cha watu wengi sana, na hakina jumba la sinema. Kaunti yote ya Makueni, watu karibu milioni moja, sijawahi kuona jumba la sinema. Mtu wa Kalawa anayetaka kuona filamu ya Kenya kwa njia halali siku ya uzinduzi lazima alipe nauli ya kwenda Nairobi, tiketi, mahali pa kulala na nauli ya kurudi. Kisha tunasema hapendi.

Nilikuwa na Supa Modo kwenye flashi. Niliipataje sitaeleza. Ni wizi, sina jina lingine la kuuita, na walioandika filamu ile, wakiwemo Mugambi Nthiga, Silas Miami, Wanjeri Gakuru na Likarion mwenyewe, ni watu wanaokula kwa kazi hiyo. Sijivunii.

"Hii ni ya nani?" anko akauliza.

"Ya Mkenya, anko."

"Kuna kupigana?"

"Kidogo tu. Kuna mtoto mgonjwa."

Akaitazama ile flashi kama mtu anayepewa noti ya elfu moja na mgeni. Biashara ilikuwa imeshaanza kumwendea vibaya. Vijana walikuwa na simu, na picha ya mkononi haina mlinzi mlangoni. Mwaka ule usiku wake mkubwa ulikuwa wa Kombe la Dunia: "Faransa 4 Kroasia 2", watu 112 kwenye chumba cha watu 60, wengine wakiwa wamening'inia dirishani. Tangu hapo ilikuwa ni kushuka.

"Basi tuweke ishirini," akasema. "Wakiona mbaya wasidai."

Usiku wa kwanza walikuja 57. Walilipa, wakakaa kwenye mafomu, akina mama mbele kwa sababu walisikia kuna mtoto, vijana wa bodaboda nyuma wakiwa tayari kuondoka. Watoto kwenye gunia mbele ya skrini. Mimi nilisimama ukutani, moyo unanienda mbio kuliko siku niliyotetea tasnifu yangu chuoni.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba tulicheka sana. Nairobi hatukucheka. Pale juu kwenye jumba la maduka tuliambiwa na bango kwamba filamu ni ya huzuni na tukakaa na huzuni yetu toka mwanzo, kwa adabu. Kikima kila mara kijiji cha Maweni kilipojifanya kimepigwa na nguvu za Jo, chumba kilipasuka. Walimtambua Mike kabla sijasema neno. "Anko ni wewe huyo!" Anko akajifanya hasikii, akarekebisha waya ambao haukuwa na shida.

Kitu cha pili kilikuja kama dakika ya ishirini. Mama mmoja, mwenye sauti ya kanisani, akauliza bila kumtazama mtu: "Na hospitali iliwaachilia hivyo tu?"

Hakuna aliyemjibu, lakini chumba kizima kilielewa swali. Mtoto akilazwa hospitali kubwa, hapa kwetu kinachofuata ni kamati. Kuna kikundi cha WhatsApp, kuna mweka hazina, kuna ng'ombe anauzwa kwa hasara, kuna harambee Jumapili baada ya ibada. Na mgonjwa kutoka hospitalini bila bili kulipwa ni hadithi ya ajabu kuliko mtoto anayeruka angani. Filamu haikai juu ya swali hilo hata kidogo. Na nilipokuwa nimeegemea ule ukuta nikaanza kuona kwa nini. Supa Modo ni moja ya filamu zilizozaliwa na mpango wa One Fine Day Films wa Tom Tykwer na Marie Steinmann, uleule uliotupa Soul Boy, Nairobi Half Life, Something Necessary, Veve na Kati Kati. Nashukuru kwa zote, na nusu yake ni katika filamu bora tulizonazo. Lakini pesa ya kuzitengeneza inatoka Ujerumani, na ikishatoka huko, yule mama wa mstari wa mbele na shilingi zake 20 hana la kuamua. Filamu haimwombi kitu. Kwa hiyo inaweza kusahau kwamba yeye, akiona mtoto mgonjwa, anawaza pesa. Nairobi Half Life haikusahau, kila mtu mle anatafuta pesa kutoka tukio la kwanza, Mwas akiuza DVD kijijini na kuziigiza ili zinunulike. Nadhani ndiyo sababu kwenye daftari iliandikwa siku tatu.

Kitu cha tatu ndicho kilichonivua nguo. Picha ilipoisha, sitasema inaishaje, taa zikawashwa na hakuna aliyeondoka. Nairobi tulikuwa tumeelekea ngazi za umeme kimyakimya, kila mtu na simu yake. Hapa wakabaki kubishana kuhusu Mwix. Kijana mmoja wa bodaboda akasema dada alifanya vizuri, mtoto alikufurahia kuishi. Mwingine akasema yeye wake hangemdanganya. Nikaingilia, si mimi ndiye mtaalamu, nikasema mama mtu alikuwa mgumu mno, angemwachia mtoto furaha yake.

Yule mama wa sauti ya kanisani akanigeukia. Kwa upole, mnajua ule upole wa mtu anayejua alikuogesha ukiwa mdogo.

"Wewe kijana umesoma. Huyo mama kazi yake ni gani?"

"Mkunga."

"Mkunga. Amezalisha hicho kijiji chote. Unafikiri hajui mwili ukiamua? Wale wengine wote wanacheza. Yeye peke yake ndiye anayejua tarehe."

Nilikuwa nimeitazama filamu ile mara tatu. Nilikuwa nimeandika maneno 900 juu yake. Ule ukunga niliuona kama kazi tu ambayo mwandishi humpa mhusika ili asiwe hana kazi. Kumbe ndio mhimili. Marrianne Nungo anaigiza Kathryn kwa uso ambao hauombi huruma, na mimi niliuita ukavu. Ukiitazama tena ukijua anachojua, kila anapokataa mchezo wa Mwix unaona mtu anayehesabu siku na hataki hata moja iende kwa uongo. Yeye na Mwix wanagombania muda uleule mdogo, na wote wawili wana haki. Hiyo ni filamu kubwa kuliko ile niliyoisifu. Nilihitaji chumba kilichojaa watu waliolipa ili kuiona, na chumba hicho hakimo kwenye hesabu yoyote ya mapato ya 2018.

Usiku wa pili nilidhani hakutakuwa na mtu. Walikuja 64. Wanaofanya biashara ya sinema wanajua maana ya siku ya pili kuizidi ya kwanza: watu wameambiana. Hakukuwa na bango wala trela. Kulikuwa na mama mmoja na sauti yake, na soko la Kikima.

Watu wachache waliniuliza kuhusu ile nyingine, "ile ya wasichana", kwa sauti ya chini. Habari zilifika. Sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo nisingemwomba anko. Siku saba za mahakama zilikuwa zimekwisha Septemba, na chumba chake kilikuwa kimewahi kutembelewa na maafisa kuhusu leseni. Kilichomtoka siku ile kilimchukua miezi miwili kukirudisha. Kwa hiyo Mama Atim hajawahi kukutana na wenzake wa Kikima, na bado najiuliza wangemcheka au wangemtetea. Msichana mmoja aliyeniuliza alisubiri mpaka wengine wakaondoka. Akauliza kama mwisho wake ni mbaya. Nikamwambia hapana. Akasema sawa, akaenda.

Anko alifunga chumba katikati ya 2019. Sasa panauzwa mbolea na dawa za mifugo, na ukuta ambao skrini ilikuwa bado una mraba mweupe kuliko sehemu nyingine. Sitaki kujifanya chumba kile kilikuwa mbingu. Kilinuka mafuta ya jenereta, wasichana wengi walikatazwa na wazazi wao kuingia, na kila diski aliyoonyesha ilikuwa ya kunakiliwa. Lakini alizilipia. Nyuma ya daftari kuna safu ya pesa iliyotoka, na diski zimo, moja moja, shilingi 50, shilingi 50, shilingi 50, miaka kumi. Zilienda kwa wauzaji wa diski kwa sababu ndio pekee waliopanda mpaka Kikima kuja kumuuzia. Yeyote mwenye filamu angepanda na ya kwake, na bei yake, angeandikwa kwenye safu hiyohiyo.

Usiku ule wa pili baada ya watu kuondoka, tulihesabu. Watu 121 kwa siku mbili, shilingi 2,420. Watoto wa bure vijistari 31. Akatoa ya mafuta, akatoa ya kodi ya chumba, akatoa yake. Akafungua daftari, akafikiri kidogo jina la kuandika, kisha akaandika "Mama mkunga". Halafu akachukua bahasha ya kahawia, akaweka shilingi 700 ndani na kunipa.

"Za wenye picha," akasema. "Wewe uko nao huko Nairobi."

Nikamweleza kwamba mambo hayaendi hivyo, kwamba kuna kampuni, kuna haki za usambazaji, kuna Wajerumani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kunyoosha mkono.

Nimejaribu. Niliandika barua pepe mbili, na nadhani aliyezisoma alidhani natania. Bahasha iko kwenye droo ya meza yangu hapa Umoja, imeandikwa kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa daftari: Wenye picha. Noti moja ya mia mbili ni ya zamani, yenye sura ya Kenyatta.